Ganda Lililosimama Mlangoni

Bunduki iliyonifundisha kazi yangu ilirudishwa mezani kwangu mara tatu kwa kosa moja. Ilikuwa SAR ya Kichina, kitako chake kimepauka kwa jua na jasho la mikono mingi. Kila mara askari aliyeileta alieleza jambo lile lile: inapiga vizuri kwa muda, kisha inajamu, na ukiiangalia unakuta ganda tupu limesimama wima kwenye mlango wa kutolea maganda huku bolti, kile chuma kinachoifunga risasi kwa nyuma, imelibana. Mara ya kwanza niliisafisha nikairudisha. Mara ya pili nilibadilisha kipuri. Ilipokuja mara ya tatu niliona haya, kwa sababu askari huyo hakuwa mtu wa kulalamika, na silaha aliyokuwa akinikabidhi ndiyo aliyoitegemea anapolala porini usiku saba mfululizo.

Nilikuwa nimeanza kazi ya ufundi wa silaha mwaka 1990, katika kituo kimoja cha askari wa wanyamapori kusini mwa Tanzania. Kumbukumbu za Operesheni Uhai, iliyoanza mwaka 1989 na kuwaunganisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori dhidi ya majangili wa tembo, zilikuwa bado mbichi. Ghala letu lilikuwa na aina kadhaa za silaha, lakini nyingi zilikuwa SAR, jina ambalo Watanzania wengi waliopita JKT au mgambo wanalifahamu. Ni bunduki inayojipakia yenyewe, ambayo kila risasi hutoka kwa kubonyeza kifyatulio mara moja. Aliyeisanifu ni Mrusi, Sergei Simonov, na jina lake la asili ni SKS. Warusi waliizalisha kwa wingi kuanzia mwaka 1949, na Wachina wakaanza kutengeneza ya kwao, waliyoiita Aina ya 56, kuanzia mwaka 1956. Hutumia risasi ya milimita 7.62 kwa 39, ile ile ya AK-47, na magazini yake ya kudumu hubeba risasi kumi zinazosukumwa ndani kutoka juu kwa klipu, yaani kipande cha chuma kinachozishika risasi hizo pamoja.

Ninaandika makala haya kwa ajili ya vijana wanaoingia katika kazi hii, na kwa yeyote anayemiliki bunduki ya aina hii kihalali na kuachwa peke yake na silaha inayokataa kufanya kazi. Kabla ya yote ninaomba jambo moja lizingatiwe bila kuchoka: hakuna uchunguzi unaoanza kabla magazini haijamwagwa, bolti haijavutwa nyuma, na chemba, mahali inapokaa risasi inayopigwa, haijatazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole kidogo. Kidole kinahitajika kwa sababu jicho huona linachotarajia kuona, hasa kwenye banda lenye kiza, na chemba iliyo giza hufanana sana na chemba iliyo tupu.

Ili kuelewa kwa nini bunduki inajamu, ni lazima kwanza kuelewa inafanya nini inapofanya kazi vizuri, na hapa nitakwenda polepole. Risasi inapolipuka, kichwa chake husukumwa mbele ndani ya mtutu, na kinapopita tundu dogo lililotobolewa upande wa juu wa mtutu, sehemu ya gesi ya moto hupanda kwenye tundu hilo na kuingia katika bomba la gesi. Ndani ya bomba hilo kuna pistoni. Gesi huipiga pistoni, pistoni hugonga kijiti kifupi cha chuma kilichojificha chini ya shabaha ya nyuma, ile ya kulengea, ambacho sisi tulikiita kisukumio, na kisukumio hugonga kibebeo cha bolti. Kibebeo kinaporudi nyuma hunyanyua kwanza mkia wa bolti kutoka kwenye kizingiti kilichoifunga, kisha huikokota. Bolti inaporudi hulivuta ganda tupu kwa ndoano ndogo iliyoshika ukingo wa kitako chake, hadi ganda linapogonga kirushio na kutupwa nje upande wa kulia. Katika safari hiyo hiyo bolti huilaza nyundo chini, tayari kwa pigo linalofuata, na kuikandamiza springi kuu. Springi ikishakandamizwa vya kutosha hurudisha kila kitu mbele, na bolti inapopita juu ya magazini huisukuma risasi mpya ndani ya chemba, kisha mkia wake hushuka na kujifunga tena.

Kazi zote hizo hukamilika ndani ya muda mfupi kuliko kufumba jicho, na zote hulipiwa na pumzi moja ya gesi. Pumzi hiyo ikipungua, au ikikutana na ukinzani njiani, bolti haifiki mwisho wa safari yake, na mahali ilipokomea ndipo panapoonekana kosa. Ikifika karibu kabisa na mwisho, ganda hutoka lakini bolti hairudi nyuma vya kutosha kuikamata risasi inayofuata, na mpigaji husikia nyundo ikigonga chemba tupu. Ikikomea mapema kidogo, ganda hufika mlangoni bila nguvu ya kuruka, bolti hurudi na kulibana. Ikikomea mapema zaidi, ganda husukumwa tena ndani ya chemba lilikotoka. Makosa haya matatu yana sura tofauti, na fundi mgeni huyatafutia sababu tatu tofauti, ilhali mara nyingi ni ugonjwa mmoja katika viwango vitatu vya ukali.

Mimi sikujua hivyo. Nilipoona ganda limesimama mlangoni niliwaza kwamba kinachotakiwa kulitupa ganda hakilitupi. Nikabadilisha ndoano na springi yake. Kama ningetuliza akili ningeona kwamba ndoano haikuwa na hatia, kwa sababu ganda lilikuwa limetoka kwenye chemba na kufika mlangoni, na kazi ya kulitoa huko ni ya ndoano. Ndoano yenye kasoro huacha ganda ndani ya chemba, huku risasi mpya ikija kuligonga kwa nyuma. Ukikuta hali hiyo, litoe ganda kwa ufito kutoka mdomo wa mtutu na ulitazame ukingo wake. Ukingo uliochanika au kukwaruzwa sana unasema kwamba ndoano ilishika na kuvuta kwa nguvu, lakini chemba ilikataa kuliachia ganda. Ukingo usio na alama unasema kwamba ndoano iliteleza, na hapo ndipo unapotazama kama ncha yake imelika, kama springi yake imelegea, au kama uchafu umejazana chini yake na kuizuia kukaa vizuri.

Katika bunduki zilizopita mikononi mwangu, chemba ilikuwa na kosa mara nyingi zaidi kuliko ndoano. Sababu yake inahusu risasi zenyewe, na ni jambo ninalotaka kulikazia kwa sababu limeharibu bunduki nyingi kuliko majangili wote. Fataki, yaani vidonge vya kitakoni vinavyowasha baruti, za risasi nyingi za zamani za kijeshi, zikiwemo za Kichina tulizopewa, zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu. Inapolipuka huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi, ndugu wa chumvi ya mezani, na kama ndugu yake huvuta unyevu kutoka hewani. Chumvi hiyo hubaki kwenye mtutu, kwenye chemba, kwenye uso wa bolti, kwenye pistoni na ndani ya bomba la gesi. Mtutu na chemba za SAR nyingi za Kichina zimepakwa kromi kwa ndani, kwa hiyo huvumilia kwa muda, lakini kinga hiyo ikishachubuka kutu hupata pa kuanzia, na pistoni na bomba la gesi huliwa bila kuonekana kwa sababu watu wengi hawavifungui kabisa.

Askari wetu walifundishwa kusafisha kwa mafuta, nao walifanya hivyo kwa bidii, wakapitisha kamba na kitambaa mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Lakini mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, na chini ya mafuta hayo kutu huendelea na kazi yake. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Fundi mkuu wangu, mzee aliyejifunzia kazi jeshini, alikuwa na birika jeusi la kuchemshia maji ambalo halikuruhusiwa kutumika kwa chai. Baada ya siku ya shabaha kila bunduki ilimiminiwa maji ya moto kuanzia kwenye chemba hadi mdomoni, pistoni na bomba la gesi vikaoshwa katika beseni, kila kipande kikafutwa na kukaushwa kwa joto la maji yenyewe, na ndipo mafuta yakapakwa. Askari wapya walishtuka kuona silaha ikioshwa kama sufuria. Mzee alikuwa akiwaonyesha bunduki moja iliyokuwa imesafishwa kwa mafuta peke yake kisha ikakaa ghalani msimu mzima wa masika: pistoni yake ilikuwa imeshikamana na bomba kiasi kwamba ilibidi kuitoa kwa nyundo na kijiti cha shaba.

Kuna imani moja ambayo hata mimi niliishikilia kwa miaka. Maganda ya chuma ya risasi hizi hupakwa vanishi ili yasishike kutu, na watu husema kwamba vanishi hiyo huyeyuka ndani ya chemba yenye moto, kisha ikipoa hulishika ganda kama gundi. Nimezikwangua chemba nyingi zilizokuwa na ukoko mweusi, na nilichokikuta ni masizi ya baruti, mafuta yaliyoungua na kutu. Ganda la chuma halitanuki na kubana ukuta wa chemba kama la shaba, kwa hiyo gesi kidogo hupenya na kurudi nyuma kati ya ganda na ukuta, na masizi yake hujenga tabaka polepole. Brashi ya chemba yenye nywele za shaba, ikizungushwa kwa subira, huondoa tabaka hilo, na baada ya hapo maganda yale yale ya vanishi hutoka bila shida.

Kuhusu upakiaji wa risasi nitasema machache, kwa sababu SAR ina magazini ya kudumu na matatizo yake ni machache. Ukiona ncha ya risasi imegonga chini ya mlango wa chemba na kuinama, angalia kwanza kama magazini imeshika sawasawa ndoano yake ya mbele na komeo lake la nyuma. Magazini inayocheza hata kidogo huishusha ncha ya risasi. Angalia pia kibao kinachozisukuma risasi juu: kikandamize kwa kidole hadi chini na ukiachie, nacho kinapaswa kupanda kwa nguvu moja bila kukwama. Mara kadhaa nilikuta mbegu za majani na mchanga uliogandamana na mafuta chini ya kibao hicho, na tiba ilikuwa kufungua na kuosha. Nchini Marekani, ambako bunduki hizi ziliuzwa kwa raia kwa wingi, wamiliki wengi huondoa magazini ya asili na kuweka za kuchomoa zilizotengenezwa na wafanyabiashara wengine, na malalamiko mengi ya kukwama kwa risasi huanzia hapo. Ushauri wangu kwa mwenye tatizo hilo ni kurudisha magazini iliyozaliwa pamoja na bunduki kabla ya kutafuta sababu nyingine yoyote.

Hata hivyo, kosa la upakiaji linaweza kuwa limejificha katika chuma chenyewe. Wamarekani walipoanza kuzalisha kwa wingi bunduki yao ya M1, iliyosanifiwa na John Garand na kupokewa rasmi jeshini mwaka 1936, ilitokea kwamba risasi ya saba kati ya nane zilizomo katika klipu ilikataa kupanda vizuri. Chanzo kilipatikana kwenye mwili wa bunduki: kipande kifupi cha ukingo unaoongoza klipu kilikuwa kimekatwa wakati wa kuhamisha kazi kutoka karakana ya majaribio kwenda kwenye mitambo ya kiwanda. Ninalikumbuka tukio hilo kila ninapoona kosa linalojirudia kwenye nafasi ile ile ya magazini. Kosa linalofuata namba ya risasi lina chanzo chake kwenye njia ya risasi, yaani magazini, kibao, klipu au kingo za kuongozea. Kosa lisilofuata namba lina chanzo kwingine.

Na lile la bunduki yangu ya aibu halikufuata namba. Lilitokea kwenye risasi ya pili ya klipu, au ya sita, au ya tisa. Nilikuwa nimelikosa dokezo hilo mara mbili.

Siku ilipoletwa mara ya tatu nilimpelekea mzee, nikamsalimu, nikaiweka mbele yake bila maelezo marefu. Aliuliza swali moja tu: ninapoijaribu baada ya kuitengeneza, ninapiga risasi ngapi? Nilimjibu kwamba ninapiga klipu moja, asubuhi, nyuma ya karakana. Akauliza askari hujamu nayo akiwa amepiga ngapi. Sikujua. Tulimwita askari, naye akasema bila kusita kwamba klipu ya kwanza na ya pili huwa safi, na matatizo huanza katika ya tatu.

“Mwanangu,” mzee akaniambia, “wewe unaitibu bunduki baridi, na mwenzako anaumwa na bunduki ya moto.”

Kesho yake tulikwenda uwanja wa shabaha na klipu nne. Mzee alitandika turubai upande wa kulia wa askari, akaniagiza nisiitazame bunduki kabisa, bali nitazame maganda yanaangukia wapi. Klipu ya kwanza iliyatupa maganda mbali, hatua sita hivi, yakatua karibu pamoja. Katika klipu ya pili yalianza kusogea, hatua tano, hatua nne. Katika ya tatu yalikuwa yakianguka ukingoni mwa turubai, miguuni mwa askari, na risasi ya ishirini na sita ikaliacha ganda limesimama mlangoni. Nililiona kosa likija kwa zaidi ya risasi kumi kabla halijatokea. Tangu siku ile sijawahi kujaribu bunduki inayojipakia bila kutandika kitu cha kupokelea maganda, kwa sababu umbali ambao ganda linarushwa ni kipimo cha kasi ya bolti, na ni kipimo kisichohitaji chombo chochote.

Kuna kipimo kingine anachoweza kukifanya kila mtu. Weka risasi moja tu katika magazini, ipakie na uipige. Magazini ikiwa tupu, kibao hunyanyua kizuizi kinachoishika bolti nyuma. Kama gesi ilitosha, bolti itabaki wazi. Kama haikutosha, itafunga juu ya chemba tupu. Waingereza na majeshi mengi ya Jumuiya ya Madola waliotumia SLR, bunduki yao ya kujipakia yenyewe, walikuwa na desturi inayofanana na hiyo, kwa sababu bunduki hiyo ina kirekebishi cha gesi: walikifungua mpaka bunduki ikashindwa kufanya kazi sawasawa, kisha wakakikaza hatua kwa hatua mpaka ikafanya kazi bila kukosa, na mwisho wakaongeza kidogo kwa ajili ya vumbi na uchafu. SAR ya Kichina haina kirekebishi. Tundu lake la gesi lina ukubwa mmoja uliowekwa kiwandani, na mimi naona hilo ni jema kwa fundi, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuuficha uchafu kwa kuongeza gesi. Atakayeshawishika kulipanua tundu hilo kwa keekee ajue kwamba ataipiga bolti kwa nguvu isiyostahili kwa maisha yote ya bunduki, ili tu akwepe kazi ya kuosha pistoni.

Basi tulijua kwamba gesi ilikuwa ikidhoofika kadiri bunduki ilivyopata joto, na tulichobaki nacho ni kujua wapi. Risasi hazikuwa na kosa, kwa kuwa bunduki nyingine mbili zilipiga risasi za sanduku lile lile bila tatizo. Jambo hilo lazima lithibitishwe na lisidhaniwe tu, kwa sababu historia ina funzo kubwa. Wamarekani walipopeleka bunduki zao za M16 Vietnam katikati ya miaka ya 1960, baruti ya risasi ilikuwa imebadilishwa na kuwa aina iliyoongeza mwendo wa bolti na kuacha masizi zaidi, chemba hazikuwa na kromi, na vifaa vya kusafishia havikutosha. Maganda yalikwama kwenye chemba na askari wakafa wakiwa na bunduki zisizofanya kazi, mpaka Bunge la nchi hiyo likaunda kamati ya kuchunguza mwaka 1967. Baadaye chemba zikawekewa kromi, bafa, kifaa kinachopokea kishindo cha bolti, ikabadilishwa, na vifaa vya usafi vikagawiwa. Ndiyo maana sikubali kusikia kwamba risasi ni risasi. Fundi anapopokea bunduki iliyoanza kujamu, aulize kama sanduku la risasi limebadilika.

Tulifungua bomba la gesi. Kwenye SAR hilo ni jambo la kuzungusha wenzo mdogo ulio ubavuni mwa shabaha ya nyuma na kulinyanyua bomba pamoja na ubao wake wa juu. Pistoni ilipotolewa na kurudishwa ndani ya bomba lililopoa, iliteleza kwa uzito wake yenyewe huku na huku, kama inavyotakiwa. Kisukumio kilisukumwa kwa kidole na springi yake ikakirudisha. Kwa macho yangu kila kitu kilikuwa sawa, na hicho ndicho kipimo nilichokuwa nimekifanya mara mbili na kuridhika.

Mzee aliliweka bomba lile tupu juu ya kioo cha dirisha la zamani alichokuwa akikihifadhi kwa kazi hiyo, akalizungusha taratibu kwa kiganja. Sehemu ya mbele ya bomba, ile isiyofunikwa na ubao, ambamo kichwa cha pistoni husafiri, iliruka kidogo kila mzunguko. Tulipoinamisha kichwa usawa wa kioo tukaona mwanga ukipita chini yake mahali pamoja. Palikuwa na kibonyeo chenye upana wa ukucha wa kidole kidogo, kina chake hakikufikia unene wa karatasi chache. Bunduki ikiwa baridi, nafasi kati ya pistoni na bomba ilitosha kukivumilia. Ikipigwa mfululizo, kichwa cha pistoni, ambacho hupokea moto wa kwanza wa gesi, kilitanuka kuliko bomba lililokizunguka, masizi yakajaza nafasi iliyobaki, na pistoni ikaanza kusugua pale pale kwenye kibonyeo. Juu ya kichwa chake, tulipokifuta vizuri, palikuwa na mstari mwembamba unaong’aa ambao nilikuwa nimeuona mara zote mbili na kudhani ni uchakavu wa kawaida.

Askari alikumbuka kwamba bunduki iliwahi kuanguka kutoka kwenye gari, mwaka uliotangulia, ikatua juu ya jiwe. Hakuitaja kwa sababu ubao haukupasuka na shabaha haikupinda.

Jambo la mwisho ambalo siwezi kuliacha linahusu pini ya kupigia, kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote niliyoyaeleza. Kwenye SAR nyingi, isipokuwa zile za mwanzo kabisa za Kirusi, pini hiyo haina springi ya kuirudisha nyuma, bali hucheza huru ndani ya tundu la bolti. Bunduki mpya au iliyokaa ghalani hujazwa grisi nzito ya kuhifadhia, na grisi hiyo ikizeeka ndani ya tundu la pini hugeuka kama nta. Pini ikigandia nyuma, nyundo itapiga na risasi haitalipuka, na mpigaji atadhani ni risasi mbovu. Pini ikigandia mbele, ncha yake itagonga fataki wakati bolti inapofunga tu, kabla hajagusa kifyatulio, na bunduki inaweza kuendelea kupiga yenyewe mpaka magazini iishe. Kipimo chake ni rahisi: toa bolti, ishike sikioni na uitikise. Ni lazima uisikie pini ikigonga mbele na nyuma kwa uhuru. Usipoisikia, fungua, osha tundu kwa mafuta ya taa mpaka yatoke safi, kausha, na urudishe pini ikiwa kavu na imeelekezwa kama ulivyoikuta. Usiongeze mafuta ndani ya tundu hilo, wala ndani ya bomba la gesi. Mafuta yanayowekwa mahali penye moto huungua na kuwa masizi yale yale tunayohangaika kuyaondoa, kwa hiyo mafuta yawekwe kidogo kwenye reli ambamo kibebeo huteleza na kwenye kizingiti cha bolti, na kwingine pabaki pakavu. Katika nchi yenye vumbi kama yetu, bunduki iliyolowa mafuta huokota mchanga kama kitambaa kibichi.

Hatukunyoosha bomba lile. Mzee alisema kwamba chuma kilichobonyezwa na kunyooshwa hakirudi kuwa mviringo, na akachukua bomba kutoka kwenye bunduki iliyoondolewa katika matumizi kwa sababu mtutu wake ulikuwa umevimba. Tulilijaribu kwenye kioo kwanza, kisha pistoni ndani yake, kisha wenzo, kuhakikisha unalibana bomba bila kuliacha licheze. Siku iliyofuata askari alipiga klipu sita mfululizo bila kupumzika. Nilisimama kulia kwake nikihesabu hatua, na ganda la sitini lilianguka hatua sita kutoka alipokuwa amepiga magoti. Bolti ilibaki nyuma. Mzee aliokota ganda hilo likiwa bado la moto, akalitazama ukingo, akanikabidhi, na mimi nikaandika kwenye daftari la karakana, chini ya mistari yangu miwili ya awali iliyosema “imetengenezwa”, kwamba bomba la gesi limebadilishwa na bunduki imejaribiwa kwa risasi sitini ikiwa ya moto.